Noti Zetu na Kuku wa Wakubwa



Siku ya mshahara hapa Nyakoe haihitaji kutangazwa. Magari ya Kisii na ya Oyugis husimama zaidi ya kawaida, mama zetu wauza ndizi hukaa na mikungu yao mpaka giza liingie, na mwenye duka hulitoa daftari la madeni chini ya meza. Ijapokuwa siku hizi wengi wetu hulipwa kwa simu, bado twapanga foleni tupewe noti, kwa maana kibarua wa kubeba mizigo na mama wa uji wapenda kitu cha kushika mkononi. Noti ya shilingi mia mbili itokayo kwa mchuma chai saa kumi jioni, kabla ya watu kulala imekwisha kupita kwa muuza nyama, kwa dereva, kwa fundi wa baiskeli, na pengine imerudi kwa mchuma chai yule yule.

Sisi twaijua noti kwa jasho lake. Lakini ni wachache kati yetu waliopata kuigeuza na kuuliza: hii imepigwa chapa na nani, kwa bei gani, na pale katikati amekula nani? Katika mkutano wa tawi letu mwenzetu mmoja alileta habari hizi za kandarasi za kupiga noti na madai ya hongo yanayozifuata, tukabishana mpaka taa ikaletwa. Wengine walisema si kazi ya chama cha wafanya kazi, hayo ni mambo ya Benki Kuu na Waheshimiwa. Wengine walisema jambo baya zaidi, nalo tutalijibu huko mbele. Kamati imetutaka tuandike maoni yake, nayo ni haya.

Kwanza tuseme wazi noti yenyewe ni bidhaa, kama gunia la mbolea. Huagizwa, hutengenezwa kiwandani, hulipiwa. Mwaka 2024 Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Dkt. Kamau Thugge, aliieleza kamati ya Bunge kwamba Benki imefanya mapatano ya miaka mitano na kampuni ya Ujerumani iitwayo Giesecke+Devrient, kwa shilingi bilioni 14.2. Kwa fedha hizo zingepigwa noti milioni 2,040: za hamsini milioni 460, za mia moja milioni 690, za mia mbili milioni 260, za mia tano milioni 170, na za elfu moja milioni 460. Mwenzetu karani alichukua kalamu akagawanya. Kila noti moja, ya hamsini na ya elfu zikichanganywa pamoja, yatugharimu karibu shilingi 7.

Je, shilingi 7 ni nyingi au ni kidogo? Hatuwezi kujua, kwa sababu hapakuwa na mashindano ya bei mbele ya watu. Kandarasi ilitolewa kwa njia ambayo sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 inaiita ya siri. Bwana Gavana alieleza kwamba akiba ya noti ilikuwa yakaribia kwisha na kwamba jambo hili lagusa usalama wa nchi. Hatusemi kwamba alikosa. Hatusemi kwamba kuna mtu aliyepewa hata senti moja, kwa maana hatuna ushahidi, na chama hiki hakitoi hukumu bila ushahidi, kwani sisi wenyewe twajua vile mwajiri anavyoweza kumfukuza mtu kwa uvumi. Twasema kwamba hatukuonyeshwa njia ya kupimia.

Na hebu tufanye hesabu nyingine. Tuseme katika kandarasi ya namna hii mtu ameongeza shilingi moja tu juu ya kila noti, shilingi ambayo hakuna anayeiona. Kwa noti milioni 2,040 hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni mbili, yaani zaidi ya milioni 400 kila mwaka kwa miaka mitano. Watu husema Benki Kuu hutumia fedha zake yenyewe. Si kweli, ndugu. Faida ya Benki Kuu hurudi Hazina, na Hazina ndiyo ilipayo walimu na wauguzi na kutengeneza barabara. Kila shilingi iliyozidi katika bei ya noti imetoka katika zahanati fulani, ijapokuwa hakuna risiti ya kuonyesha hivyo.

Wazee wetu wakumbuka kwamba zamani noti zetu zilikuwa za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, na mambo yake yote yaliamuliwa London. Benki Kuu yetu ilianzishwa mwaka 1966, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule tukapata noti za Kenya. Bendera ilikuwa yetu, noti ilikuwa yetu, lakini mashine ilikuwa ya Waingereza, kampuni ya De La Rue. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ndiyo iliyotupigia noti, na katika miaka ya 1990 ikaweka kiwanda Ruaraka, Nairobi, ambako noti za Kenya na za nchi nyingine zilipigwa kwa mikono ya Wakenya. Jambo hilo lilikuwa jema na hatuoni haya kulisifu.

Sasa tazameni vile ugomvi ulivyoifuata kandarasi hii. Mwaka 2012 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilitoa taarifa juu ya kandarasi ya De La Rue iliyokuwa imefutwa miaka ya nyuma. Kamati ikasema kufutwa kule kuliitia nchi hasara ya shilingi bilioni 1.8 hivi, kwa kuwa baadaye noti zilinunuliwa kwa bei ya juu kuliko ile ya kwanza. Wakubwa waliotajwa walikana. Katiba mpya ilipokuja mwaka 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote katika noti, kwa hiyo ilibidi noti zote zipigwe upya, na hiyo ikawa karamu kubwa: kampuni za Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na Sweden zote zikaitaka. De La Rue ikapewa mwishoni mwa mwaka 2017. Raia mmoja mpenda kesi, Bwana Okiya Omtatah, ambaye baadaye alikuwa Seneta wa Busia, akaenda kortini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaifuta kandarasi, halafu Mahakama ya Rufani ikairudisha. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya ile nafuu ya asilimia 15 ambayo sheria huwapa wenyeji wanapoomba kandarasi. Kampuni ya Kiingereza yenye kiwanda Ruaraka, je, ni mwenyeji?

Hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo, kwa sababu swali hili ni letu kuliko la mawakili.

Katika mkutano wetu, ndugu mmoja aliyekaa Nairobi miaka mingi alisema hivi: Acheni maneno ya hongo. Hata kama kuna mtu amekula, kiwanda kiko hapa, vijana wetu wanakula. Mkipiga kelele, kandarasi itakwenda Ulaya na kazi zitakwenda nayo. Watu wengi walipiga makofi. Nasi tulioandika karatasi hii twakiri kwamba kwa dakika chache tulitaka kupiga makofi pia. Mtu aliyewahi kukaa nyumbani miezi minane bila kazi hawezi kulidharau neno kama hilo.

Lakini tazameni yaliyotokea kwa kweli. Mwaka 2019 Serikali yetu, kwa njia ya Hazina, ilinunua asilimia 40 ya kampuni ile ya Ruaraka. Tukaambiwa sasa kiwanda ni chetu pia. Tarehe 1 Juni mwaka huo noti mpya zikaonyeshwa Narok, siku ya Madaraka, na noti za zamani za elfu moja zikapewa mwisho wa tarehe 1 Oktoba. Baada ya hapo noti milioni 7.38 za elfu zikaonekana hazikurudi. Hizo ni shilingi bilioni 7.38 zilizokufa mahali zilipofichwa, na waliozificha hawakuwa wachuma chai. Halafu, mwezi wa Januari 2023, De La Rue ikatangaza kwamba inasimamisha kazi Ruaraka, kwa kuwa Benki Kuu haikutazamiwa kuagiza noti kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Wafanya kazi wapatao 300 wakaambiwa waende nyumbani.

Mia tatu, ndugu. Na Serikali ikiwa mshiriki wa asilimia 40! Mwaka uliofuata noti zikaagizwa Ujerumani, kwa haraka na kwa siri, kwa kuwa akiba ilikuwa yakwisha. Sasa twauliza kama wafanya kazi: huyu aliyekuwa na asilimia 40 ya kiwanda, na ndiye mwenye kujua noti zitakwisha lini, alishindwaje kupiga hesabu ya mwaka mmoja? Hata bwana shamba wa hapa anajua mbolea itaisha mwezi gani. Pengine kuna jibu jema. Pengine mashine zilikuwa za zamani, pengine Wajerumani walikuwa na bei nafuu. Lakini jibu hilo halikuletwa kwa wale mia tatu, wala kwetu.

Basi yule ndugu yetu aliyesema tunyamaze ili kazi zibaki, twamjibu kwa heshima: watu walinyamaza, na kazi zilikwenda. Ukimya wa mfanya kazi haukuandikwa katika kandarasi yoyote. Wakubwa walipokuwa wakitetea tenda mbele ya watu walisema "ajira, ajira", na tenda ilipokwisha hakuna aliyelitamka neno hilo. Tukikubali kutumiwa kama ngao namna hii, siku ya hesabu tutaachwa na ngao bila mshahara.

Sasa juu ya hongo yenyewe. Kuna watu wanaodhani kwamba Mzungu mwenye kiwanda cha kupiga chapa hawezi kutoa chai. Hao tunawasimulia habari za kuku.

Katika mji wa Eastbourne, Uingereza, palikuwa na kampuni ya kupiga chapa iitwayo Smith & Ouzman. Haikupiga noti. Ilipiga karatasi za kura na vyeti vya mitihani, nazo ni karatasi za usalama kama noti, zenye alama zao na namba zao. Mwezi wa Desemba 2014 mahakama ya London iliitia hatiani kampuni hiyo pamoja na wakubwa wake wawili, baba na mwana, kwa kuwahonga maofisa wa Kenya na wa Mauritania. Jumla ya fedha ilikuwa pauni 395,074. Mwana alifungwa miaka mitatu. Baba, kwa uzee wake, alipewa kifungo cha kuahirishwa. Na katika barua walizoandikiana, hongo haikuitwa hongo. Iliitwa kuku.

Tulipolisoma hilo hapa watu walicheka, halafu wakakasirika. Kwa Mgusii, kama kwa jirani zake wote, kuku ni heshima ya mgeni. Mama humkamata jogoo wa mwisho bandani kwa sababu mkwe amefika bila taarifa. Leo jina la kuku wa mgeni limewekwa juu ya bahasha ya mtu anayeuza karatasi ya kura ya mama yule yule! Mwaka 2017 Uingereza ikaturudishia fedha zilizotwaliwa katika kesi ile, zikanunua magari saba ya wagonjwa. Twashukuru kwa magari. Lakini mtajua kwamba mtoa hongo alihukumiwa kwao upesi, kabla hapa kwetu hatujajua tumfanye nini mpokeaji.

Na katika noti zenyewe mambo hayo yamethibitishwa. Australia ilikuwa na kampuni, Securency, iliyotengeneza noti za plastiki, na nusu yake ilikuwa mali ya Benki Kuu ya Australia yenyewe. Kampuni hiyo na ndugu yake ya kupiga noti zilikiri mahakamani kula njama ya kuwahonga maofisa wa nchi za Asia ili zipate kandarasi. Tena mwaka 2016, huko London, meneja mmoja wa zamani wa Securency alifungwa miezi 30 kwa kumlipa wakala wa shirika la kupiga noti la Nigeria dola 205,000 hivi. Basi hata mali ya benki kuu ya nchi tajiri haikuwa na kinga. Kwa upande mwingine, wachunguzi wa Uingereza walifungua faili juu ya De La Rue na shughuli zake Sudan Kusini mwaka 2019, wakaifunga mwaka 2020 bila kumshitaki mtu. Twalitaja hili kwa haki. Kuchunguzwa si kuhukumiwa.

Tazameni jinsi kazi ya hongo inavyofanywa, kwani njia ni moja kila mahali. Hakuna mtu anayebeba noti katika gunia. Yupo wakala. Si huyu wakala wa simu tunayemjua sisi, ni bwana mwenye suti ambaye kampuni humwajiri ili "aisaidie" katika nchi fulani. Hana kiwanda, hana mashine, hana wino. Hupewa asilimia ya kandarasi, na asilimia hiyo huongezwa katika bei. Sehemu hubaki kwake, sehemu huenda kwa wale wenye kalamu ya kutia sahihi. Wauza ndizi wa hapa Nyakoe wanamfahamu mtu huyu vizuri kuliko mahakimu. Ni dalali anayesimama kati ya mkungu na lori, ambaye hakupanda wala habebi, na jioni ana fedha kuliko aliyepanda. Tofauti ni kwamba dalali wa sokoni twamwona kwa macho na twaweza kubishana naye.

Na biashara ya noti yampendeza sana mtu wa namna hii. Kampuni zinazoweza kupiga noti ni chache sana ulimwenguni. Mnunuzi katika kila nchi ni mmoja. Noti ya nchi moja si sawa na ya nyingine, hivyo bei ni vigumu kulinganisha. Na juu ya hayo yote kumetandikwa blanketi la neno "siri".

Hatukatai siri. Hakuna mtu mwenye akili anayetaka ile alama ya ndani ya karatasi, na ule uzi, na mchanganyiko wa wino, na saa ambayo lori litatoka uwanja wa ndege, viandikwe katika gazeti. Tungekuwa wa kwanza kulia, kwani noti bandia humwangukia mtu mdogo: mama wa nyanya akiipeleka benki hunyang'anywa wala halipwi kitu. Lakini bei si siri ya usalama. Majina ya walioombwa bei si siri ya usalama. Jina la wakala na asilimia anayopewa, je, mwizi wa kupiga noti bandia atalitumia kwa kazi gani? Katiba yetu, kifungu cha 227, yasema ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi na wa mashindano. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Hatuoni mahali palipoandikwa "isipokuwa bei ya noti".

Sisi wenyewe tuna aibu ya kusimulia hapa. Miaka kadhaa iliyopita tawi letu lilikuwa likinunua karatasi na wino wa jarida hili mahali pamoja tu, bila kuuliza. Baadaye ikajulikana kwamba mwenye duka ni shemeji wa mtu wa kamati, na bei yake ilikuwa imepita ya mjini. Hasara haikuwa kubwa, labda mishahara ya kibarua ya wiki mbili tatu, lakini wanachama walikataa kulipa ada mpaka jambo likasemwa mkutanoni. Tangu siku ile bei tatu huletwa, husomwa kwa sauti, na kubandikwa ukutani. Wakati mwingine yachosha kusikiliza bei ya rimu ya karatasi kwa nusu saa, na kuna wazee husinzia. Hata hivyo hakuna aliyewahi kuuliza tena nani amekula wino.

Basi kamati imekubaliana barua iandikwe kwa Mjumbe wetu wa Bunge. Twamtaka aulize Bungeni kampuni ngapi ziliombwa bei mwaka 2024 na kila moja ilitaja kiasi gani kwa noti elfu moja. Twamtaka aulize kama yupo wakala aliyelipwa, na kama hayupo iandikwe hivyo na kutiwa sahihi, ili siku nyingine likitokea lolote liwe shitaka chini ya sheria ya hongo ya mwaka 2016. Na aulize ile asilimia 40 ya Hazina katika Ruaraka imeishia wapi, mashine ziko wapi, na kama noti zitakuja kupigwa tena hapa nyumbani, wale mia tatu wenye ujuzi, ambao huwezi kuwapata katika kila kijiji, wataitwa kwanza au watasahauliwa. Hili la mwisho wengine walitaka liwe la kwanza. Tumeliacha hapo lilipo, lakini limepigiwa mstari.

Yule ndugu aliyesema tunyamaze hakukubaliana nasi mpaka mwisho, na hatuna neno naye. Alisema atatia sahihi kwa ajili ya wale mia tatu tu. Hiyo yatosha.

Barua itasomwa katika mkutano wa Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, chini ya mti karibu na stendi. Kila mwanachama aje na kadi yake. Asiyejua kuandika ataweka dole gumba, wino tunao, na bei yake imebandikwa ukutani.